Mstari wa Penseli kwenye Bakuli

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Paka wako ananipenda kuliko alivyowahi kukupenda wewe. Tangu uondoke hajakulilia hata mara moja. Nikipiga nyundo anatingisha mkia, nikikaa anakaa, na jana kanilalia mapajani saa nzima mpaka wateja wakasema hawajawahi kuona mzee na mnyama wanaopatana hivi.

Haya, najua unanijua. Hakuna mapaja wala saa nzima. Tangu uteremshe kikapu chake hapa karakana, Meneja yuko chini ya kabati la soli, na ninachoona ni macho mawili tu, ya bosi aliyeingia ofisini ghafla akakuta wote tumelala. Marehemu shemeji alijua kuchagua jina, Mungu amrehemu.

Karatasi yako ya masharti nimeisoma yote, upande wa mbele. Umeandika nipime maji anayokunywa, nami nimepima kitaalamu. Nimechora mstari wa penseli ndani ya lile bakuli lake jeupe la bati. Asubuhi najaza mpaka kwenye mstari, jioni naangalia yameshuka vidole vingapi. Ili asinidanganye, nimeliondoa kopo langu la maji ya kazi pale kwenye benchi, mkono wa kushoto, na bakuli lake nimeliweka palepale. Paka akinywa, namwona. Bi Cherehani akichungulia, namwona pia. Huyo jirani yangu tangu Jumamosi anashona huku shingo imegeukia dirisha langu. Mwanamke anayeshona bila kutazama sindano ana jambo.

Basi busu wajukuu wako pacha, wote wawili, usije ukambusu mmoja mara mbili. Na usidhani kumtunza huyu bwana kumenisahaulisha ule mtungi wa mama, uliouvunja wewe nikachapwa mimi. Bado nakudai.

Kaka yako,
Fundi Viatu

*

Jumatano, 5 Machi

Kaka,

Ungekuwa mtu wa kuaminika ningekulipa mtungi wako zamani. Miaka hamsini na mitano sasa, kila barua mtungi!

Ningekupigia simu, lakini masikio yangu unayajua: kwenye simu nasikia nyuki tu. Ndiyo maana namsumbua huyu dereva wa basi na bahasha. Sasa nisikilize.

Barua yako ina nyundo, ina kabati, ina shingo ya jirani. Haina mkojo. Mkojo wake ukoje? Karai la mchanga umeliweka wapi? Asubuhi unakuta mabonge mangapi yaliyolowa?

Kuna jambo sikukwambia, kwa sababu ungekataa kumpokea na mwanangu alikuwa ameshaingia wodini. Mwaka jana Meneja alizibika mkojo. Paka dume njia yake ni nyembamba kama uzi. Asipokunywa, mkojo unakuwa mzito, unafanya vichembe kama chumvi, vinaziba. Daktari wa wanyama aliniambia akikaa siku moja na nusu hivi bila kukojoa, anaweza kufa. Ukimwona anakwenda kwenye mchanga, anachuchumaa, anatoka, anarudi, na hakuna kitu, usimalizie hata chai. Mbebe, mpeleke.

Geuza ile karatasi. Upande wa nyuma nimeandika habari ya makopo ya samaki. Punje kavu peke yake hapana. Samaki na mchuzi wake, na maji kidogo juu.

Unajua ni paka wa nani. Mume wangu alivyokuwa hawezi tena kuinuka, ni huyo aliyekuwa amemlalia kifuani. Sina kingine cha kwake kinachopumua.

Mdogo wako

*

Jumatano, 5 Machi

Jirani mpendwa,

Barua hii usimwonyeshe kaka yangu. Nakuomba uendelee kunitazamia, kama tulivyoagana. Kaka akinisifia jambo ujue limeharibika, na safari hii ameanza kusifia mstari wa kwanza. Nitazamie anampa nini kula, na kama paka anakunywa. Ukiulizwa, sema unaangalia hali ya hewa.

Wako,
Dada yake Fundi

*

Jumapili, 9 Machi

Dada yangu,

Hali ya hewa haijatulia.

Makopo yako ya samaki nimeyaona, yako jalalani, matatu, yamekwanguliwa na mkate mpaka yanang'aa. Sijawahi kuona paka anayekwangua kopo kwa mkate. Paka anakula zile punje kavu.

Bakuli la maji liko pale kwenye benchi, mkononi mwa kaka yako kabisa. Mara mbili nimemwona Meneja akipanda, akilinusa, akipiga chafya, akashuka. Sijamwona akinywa. Ila anakuja kwangu. Anapita dirisha la nyuma, anavuka ua, anapanda meza yangu ya pasi na kunywa kwenye lile beseni la maji ninayonyunyizia nguo. Anakunywa mpaka nahesabu: jana ulimi uliingia mara sitini. Nimeanza kumwekea maji safi kwenye kisahani.

Leo kaka yako kanikuta nampa. Dada, ungedhani kanikuta na kisu! Akasema, "Bi Cherehani, paka huyu ana kwao." Nikamwambia, "Fundi, na kwao kuna kiu." Akambeba, mnyama anapiga mateke, wakaondoka. Sasa hivi ninavyoandika nasikia nyundo. Hagongi kiatu.

Jirani yako,
Mshonaji

*

Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Nimemkamata! Bi Cherehani anamwita paka wako kwa siri na kumpa maji kwenye kisahani. Jiulize: mtu ana nguo za harusi za watu kumi zinamsubiri, anaacha cherehani ananywesha paka wa mwenzie. Kwa lipi? Mimi nasema kuna kitu anatia. Labda anataka amzoee, ahamie kwake moja kwa moja, panya wa vitambaa vyake wapate wa kuwatisha. Labda baya zaidi. Maana tangu aanze kunywa huko, Meneja kabadilika. Jana amekojoa ndani ya kiatu cha mwalimu mkuu, cha kulia, nilichokuwa nimemaliza kukipaka rangi. Vijitone tu, lakini mwalimu mkuu ni mtu wa pua.

Dirisha la nyuma nimelipiga misumari minne. Hatoki mtu.

Na wala usihangaike na kiu. Kwangu hapa anakunywa kama ngamia! Kila jioni bakuli limeshuka vidole vinne chini ya mstari. Vinne! Huwa simwoni akinywa, ana haya kama bibi harusi, lakini penseli haisemi uongo.

Makopo anayafurahia sana.

Kaka yako,
Fundi

*

Jumatano, 12 Machi

Kaka,

Makopo anayafurahia nani? Taja jina la mwenye tumbo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwenye vidole vinne. Kaka, mimi sikusoma zaidi yako, lakini nimelea watoto na sasa nalea wa mtoto. Kinachoingia kinatoka. Paka anayemaliza vidole vinne vya maji kwa siku angekuwa amekulowanishia karai lote. Umeniandikia barua mbili, na mkojo niliousikia ni vijitone ndani ya kiatu. Mengine yako wapi?

Ama hanywi, na wewe unanidanganya. Ama hanywi, na wewe unadanganywa. Vyovyote vile, hanywi.

Ukimaliza kusoma hapa weka barua chini. Usimalizie. Nenda kwenye karai, chambua mchanga kwa mkono wako, hesabu. Na ng'oa hiyo misumari.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu,

Naandika nimesimama, dereva ananipigia honi.

Tangu asubuhi ameingia kwenye karai mara tisa. Nilidhani tumbo limefunga, nikampa kijiko cha mafuta ya kula, akanitapikia. Anachuchumaa, anatetemeka, analia sauti ambayo sijaisikia kwa paka. Nilikuwa bado najiambia ni tumbo. Ndipo barua yako ikafika.

Nimechambua mchanga wote. Mkavu. Wa jana pia mkavu, nimeukuta kwenye ndoo ya taka. Sakafuni kuna matone matatu, yana wekundu.

Nimempigia kelele Bi Cherehani kwamba kamuua paka wa dada yangu. Ameingia, amemtia kwenye kikapu, na sasa yuko mlangoni ananiambia, "Mzee, utaandika au utatembea?"

Natembea.

*

Jumamosi, 15 Machi

Dada yangu,

Ni mimi, Mshonaji. Kaka yako hawezi kuandika leo.

Tulifika kwa daktari wa wanyama kabla hajafunga. Akamshika tumbo, akasema kibofu kimejaa, kigumu kama chungwa bichi. Wamemlaza kwa dawa, wakaingiza mrija mwembamba, mkojo ukatoka mwekundu. Mrija utakaa siku mbili tatu. Daktari ni dada mmoja kijana, hacheki ovyo. Kasema mafigo yamechoka na hawezi kutuahidi kitu mpaka mrija utoke na akojoe mwenyewe. Samahani kukuandikia hivi, lakini uliniomba ukweli.

Sasa sikia la kaka yako. Mbele ya daktari amenyoosha kidole: "Huyu mama alikuwa anamnywesha kitu." Nikasema maji. Akasema maji gani? Daktari akatukata: "Nileteeni maji ya kila mmoja." Nikaenda kuleta beseni langu. Yeye akaenda kuleta bakuli lake, kifua mbele kama anakwenda kupokea kombe.

Alichukua nusu saa kurudi. Kifua hakikurudi naye. Bakuli alikuwa amelifunga kwenye gazeti, akamnong'oneza daktari maneno ambayo sikuyasikia, kisha akakaa kwenye benchi la nje. Tangu jana hiyo hajaondoka pale ila kwa kufukuzwa wakati wa kufunga. Nimempelekea chai, kapokea, kasema "Ahsante, mama." Dada, miaka kumi na moja tumepakana ukuta, na sijawahi kuitwa mama. Nimeogopa.

Jirani yako,
Mshonaji

*

Jumatatu, 17 Machi

Mdogo wangu,

Amekojoa.

Naanza na hilo ili moyo wako ushuke, mengine utayasoma ukiwa umekaa. Leo saa nne asubuhi mrija ulitolewa. Mpaka saa nane hakuna kitu. Saa tisa kasoro akaingia kwenye karai la daktari, akachuchumaa, na mimi nimepiga magoti sakafuni kama naswali. Ukatoka, mrefu, bila kilio. Nilipiga vigelegele, mimi, mzee mzima, kwa ajili ya mkojo. Mama mmoja aliyeleta kuku akahamia benchi la mbali.

Sasa kaa.

Ijumaa nilirudi mbio kuchukua bakuli nimwonyeshe daktari uaminifu wangu. Kiatu cha mwalimu mkuu, cha kushoto, kilikuwa kwenye benchi, soli mpya haijashonwa. Nikasema acha nishike kipande hiki kimoja nitulize mikono. Nikachukua ngozi. Na mkono wangu wa kushoto, wenyewe, bila kuniuliza, ukaichovya ndani ya bakuli la Meneja.

Ngozi kavu haishoneki, unajua, lazima uilowanishe ilainike. Miaka arobaini na tatu kopo la maji limekaa mkono wangu wa kushoto. Nilipoliondoa nikaweka bakuli la paka, macho yaliambiwa, mkono haukupewa taarifa. Kila siku nimekuwa nachovya soli, nachovya visigino, nachovya brashi ya gundi. Vidole vinne! Nilivinywa mimi, kwa viatu vya watu. Na nikamwandikia dada yangu kwamba penseli haisemi uongo.

Nililinusa. Mimi nimezoea harufu hiyo, kwangu ndiyo harufu ya riziki. Lakini daktari alipofungua gazeti aligeuza uso. Akasema, "Mzee, hata mimi nisingekunywa, na mimi sina pua ya paka." Kisha akanusa beseni la Bi Cherehani, akasema hayo ndiyo maji.

Kwa hiyo fuata hesabu yenyewe ilivyo. Kwangu palikuwa na maji yasiyonyweka. Kwa jirani palikuwa na maji safi. Na mimi nikaenda nikapiga misumari minne katikati.

Na makopo nilikula mimi. Matatu. La nne nimelificha nyuma ya kalibu za viatu, halijafunguliwa, nimelirudisha. Yalikuwa matamu, sitakudanganya tena.

Misumari nimeing'oa kabla ya kuvua koti. Nikaenda kwa Bi Cherehani na viatu vyake vile vya kijani ambavyo alinipa nivishone nikamwambia vimepotea, kwa uchoyo tu. Nimevipa soli mpya. Nilimnyooshea nikiwa mlangoni. Akavitazama, akasema, "Kumbe havikupotea." Nikasema, "Mimi ndiye nilipotea." Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Niseme nini zaidi? Ningemuua, mdogo wangu. Huku nikimtuhumu aliyekuwa anamwokoa.

Kaka yako

*

Alhamisi, 20 Machi

Kaka,

Niliposoma neno la kwanza nililia mpaka pacha wakanyamaza kunisikiliza. Niliposoma mengine nilitaka kupanda basi nije nikuchape, nimalizie pale baba alipoishia.

Lakini na mimi kuna jambo. Shingo ya Bi Cherehani niliigeuza mimi. Mimi ndiye niliyemwomba akuchungulie, tangu siku ya kwanza. Ukamwona mchawi, kumbe ni macho yangu. Na ugonjwa wa mwaka jana nilikuficha ili usikatae. Ningekuambia mlangoni, pengine ungegeuza karatasi. Sikukuamini, hukuniamini, na aliyelipa ni asiyejua kuandika barua.

Hata hivyo sikusamehi upesi. Narudi Jumapili tarehe 30. Nitashukia kwako moja kwa moja na kikapu mkononi, nimchukue, niende naye kwangu. Sitaki akae kwako hata saa moja zaidi. Mpaka siku hiyo niandikie mabonge, siyo hadithi. Na sitaamini idadi bila sahihi ya Bi Cherehani.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 24 Machi

Mdogo wangu,

Mabonge, tangu daktari alipomruhusu Alhamisi: Ijumaa matatu. Jumamosi manne. Jana matatu, makubwa, moja nililidhania kiazi. Leo asubuhi mawili na siku bado mbichi. Sahihi ya Bi Cherehani iko pembeni hapo, na alama ya chai ni yake pia.

Maji yako sehemu tatu. Bakuli pana moja mlangoni, moja karibu na kabati la soli, na kisahani kingine kipo meza ya pasi, ng'ambo, kwa sababu mkubwa ana matawi. Karai la mchanga liko mbali na yote, daktari kasema hata sisi hatupendi kula chooni. Maji nabadilisha asubuhi na jioni. Samaki nachemsha mwenyewe bila chumvi, namwagia mchuzi juu ya chakula alichotoa daktari, na sili hata kipande, ingawa mara moja nimelamba kijiko. Kopo langu la kazi limerudi mkono wa kushoto, nimelipaka rangi nyekundu, na bado kila nikichovya natazama kwanza, kama mtu anayevuka barabara.

Bakuli la mstari wa penseli nimelitundika ukutani. Wateja wanauliza. Nawaambia ni cheti changu.

Sasa, kuhusu barua yangu ya kwanza. Ile habari ya mapajani. Nilikuongopea, tumekubaliana. Lakini Jumamosi, nikiwa nashona, kitu kizito kikapanda kwenye aproni yangu. Hakikuniangalia. Kilizunguka mara mbili, kikalala. Ngurumo yake niliisikia hadi kwenye goti bovu. Nyundo ilikuwa mbali kidogo na sikuifikia, kwa hiyo sikufanya kazi mpaka mchana. Viatu vya mwalimu mkuu havijaisha mpaka leo, na naomba visiishe.

Bi Cherehani aliona, muulize. Ndiyo maana nimemwita shahidi, najua neno langu kwako halifiki hata kisigino.

Ni paka wako. Ni kifua cha shemeji. Sibishani. Kikapu utakuja nacho na utamchukua, na mimi nitakufungulia mlango.

Ila kuna ule mtungi. Ulilia nyuma ya jiko ukaniambia, "Kaka, siku moja utaniomba kitu kidogo, nami nitakupa bila kuuliza kwa nini." Nimekaa nacho miaka hamsini na mitano nikikutania tu, sikujua nakiwekea nini. Leo nakiomba.

Jumapili ukishuka kwenye basi, pita kwako kwanza, kiache kikapu huko. Njoo kwangu mikono mitupu. Kaa, unywe chai, umtazame anavyokunywa maji. Kikapu uje nacho Jumatatu.

Kaka yako,
Fundi Viatu